Sura ya Tano: Innsbruck, Mji Uliolipiwa na Milima

Mgeni anayetoka stesheni kuu ya Innsbruck hahitaji ramani ili ajue kaskazini ni wapi. Upande huo mji umezibwa na ukuta wa mawe ya kijivu, safu ya Nordkette, inayoanza nyuma ya nyumba za mwisho na kupanda hadi zaidi ya mita 2,300. Mji wenyewe hauko juu kama wengi wanavyodhani. Uko mita 574 tu kutoka usawa wa bahari, chini sana kuliko Arusha au Nairobi. Wakazi wake ni 130,000 hivi, na ndio makao makuu ya jimbo la Tirol, magharibi mwa Austria.

Mji ulianza kwa daraja la kuvuka Mto Inn, lililojengwa katika karne ya 12. Kando ya daraja likaota soko, na mwaka 1239 soko likapewa hadhi ya mji. Lakini daraja halijengwi mahali pasipopitwa na watu. Waliopita hapa walikuwa wakielekea Brenner, mwendo wa chini ya kilomita 40 kusini, ambako milima inashuka hadi kimo cha mita 1,370 hivi. Hiyo ndiyo njia ya chini kuliko njia zote kubwa za kuvuka Alps, na tangu enzi za Warumi imekuwa mlango kati ya Italia na nchi za kaskazini. Hariri na viungo vya Venice vilipanda kwa njia hiyo, shaba na nguo za Ujerumani zikashuka, na kila mzigo uliacha ushuru nyuma yake.

Miji ya kale ya Ulaya humpumbaza mgeni kwa majumba na makanisa yake, akaondoka akiamini kwamba ukuu wa wafalme ulitosha kuyajenga. Innsbruck inafaa kutembelewa na mtu mwenye swali moja kinywani: nani alilipa? Ukilishika swali hilo, mji na viunga vyake vinakuwa kitu kimoja, na jibu lake linakufikisha hadi pwani ya Afrika Mashariki.

Roshani ya dhahabu

Katikati ya mji mkongwe kuna roshani ya mawe iliyofunikwa kwa vigae 2,657 vinavyong'aa. Kila mgeni hupigwa picha hapo. Vigae hivyo ni vya shaba, na dhahabu iliyo juu yake ni utando tu. Mafundi wa zamani walichanganya dhahabu na zebaki, wakaipaka shaba, kisha wakaichoma hadi zebaki ikapaa kama mvuke na dhahabu ikabaki imeng'ang'ania. Mvuke huo ni sumu, na aliyeshika kazi ndiye aliyeuvuta.

Jumba lililobeba roshani hiyo ni la zamani kuliko roshani yenyewe. Lilikuwa la Friedrich wa Nne, mtawala aliyehamishia makao yake Innsbruck mwaka 1420. Wenyeji walimpa jina la utani la Friedrich mwenye mfuko mtupu, na hadithi ikazuka kwamba aliezeka paa kwa dhahabu ili kuwafunga midomo waliomcheka. Ni hadithi tamu, ila si kweli. Aliyejenga roshani, mnamo mwaka 1500, ni Kaizari Maximilian wa Kwanza, ambaye naye mfuko wake haukukaa umejaa.

Tazama michongo iliyo chini ya paa. Maximilian amechongwa pamoja na wake zake wawili. Mmoja ni Maria wa Burgundy, aliyekuwa amekwisha kufa tangu 1482. Mwingine ni Bianca Maria Sforza wa Milano, aliyemwoa mwaka 1494. Kwa desturi ya watawala wa huko, mali ya ndoa hutoka upande wa mke, na ukoo wa Sforza, uliokuwa ukitafuta heshima kwa udi na uvumba, ulitoa mali inayotajwa kufikia ducati 400,000. Kaizari alizihitaji mno. Kutoka kwenye roshani yeye na wageni wake waliangalia mashindano na ngoma uwanjani, na watu wa uwanjani nao walimwangalia yeye. Paa lile lilikuwa tangazo kwa wakopeshaji kwamba mwenye nyumba hana shida.

Wenye nyumba za wageni hawakudanganyika. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa 1518, Maximilian alipofika Innsbruck akiwa mgonjwa, walikataa kupokea msafara na farasi wake kwa sababu deni la safari zilizotangulia lilikuwa halijalipwa. Aliondoka, na Januari 1519 akafia Wels, mbali na mji alioupamba.

Kaburi lisilo na mwenyewe

Mwendo wa dakika chache kutoka hapo kuna Hofkirche, kanisa lililojengwa kati ya 1553 na 1563 na Ferdinand wa Kwanza, mjukuu wa Maximilian, ili liwe mahali pa kaburi la babu yake. Ndani yake sanamu 28 za bronzi nyeusi, wake kwa waume, kubwa kuliko kimo cha binadamu, zimepangwa mistari miwili kama jamaa waliokuja mazikoni. Wengine ni mababu wa kweli wa Kaizari. Wengine, kama Mfalme Arthur wa hadithi za Waingereza, waliingizwa ukoo kwa nguvu ya tamaa. Mpango ulikuwa sanamu 40. Katikati limekaa jeneza kubwa lililozungukwa na michongo 24 ya marumaru inayosimulia vita na harusi zake, naye mwenyewe amepiga magoti juu kwa umbo la bronzi.

Jeneza ni tupu. Maximilian amezikwa Wiener Neustadt, upande wa pili wa Austria.

Aliyemo kanisani humo ni mtu wa kawaida zaidi. Andreas Hofer alikuwa mwenye nyumba ya wageni na mfanyabiashara wa mifugo kutoka bonde la Passeier. Mwaka 1809, Napoleon alipokuwa ameikabidhi Tirol kwa Bavaria, Hofer aliwaongoza wakulima kupigana kwenye kilima cha Bergisel, kusini mwa mji. Walishinda, wakaushika mji, kisha wakashindwa. Tarehe 20 Februari 1810 alipigwa risasi Mantua, na mwaka 1823 mabaki yake yakaletwa hapa. Kaizari alifukuzwa na wenye nyumba za wageni, na leo mwenye nyumba ya wageni ndiye aliyelala katika kanisa la Kaizari.

Schwaz na Hall

Ili kuona pesa zilikotoka, panda treni ya kuelekea mashariki. Kwa muda usiofika nusu saa utakuwa Schwaz, mji mdogo ambao katika karne za 15 na 16 ulikuwa na machimbo ya fedha makubwa kuliko karibu yote duniani. Maelfu ya wachimbaji walihamia bondeni. Siku hizi treni ndogo huwaingiza wageni mita 800 ndani ya mlima kwa njia ileile ya wachimbaji. Chukua koti, maana humo joto ni nyuzi 12 hivi hata wakati wa kiangazi. Utaonyeshwa mapango ambayo mtu alichimba akiwa amelala ubavu, kwa nyundo na tindo. Adui mkubwa alikuwa maji. Mamia ya watu waliajiriwa kuyatoa kwa ndoo, wakipokezana kutoka chini hadi juu, mpaka mwaka 1556 ilipowekwa mashine ya kuyapandisha, iliyoendeshwa na nguvu ya maji yenyewe.

Ingia pia kanisa kuu la Schwaz. Zamani liligawanywa kwa ukuta wa mbao: upande mmoja wenye mji, upande wa pili wachimbaji. Walisali kwa Mungu mmoja chini ya paa moja la vigae vya shaba, huku kila kundi likijua nafasi yake.

Fedha hiyo haikukaa mikononi mwa watawala wa Tirol. Ukoo wa Fugger, matajiri wa Augsburg, uliwakopesha kwanza Sigmund, aliyetawala kabla ya Maximilian, na baadaye Maximilian mwenyewe, na deni likalipwa kwa fedha ya Schwaz kwa bei nafuu. Mara nyingi madini yalikuwa yamekwisha kuuzwa kabla mchimbaji hajainua nyundo. Sigmund alitumia kwa fujo hadi mwaka 1490 akalazimika kumwachia Maximilian nchi. Maximilian akairithi milki, na tabia pia. Mjukuu wake Charles alipotaka kuchaguliwa kaizari mwaka 1519, ni Jakob Fugger aliyetoa sehemu kubwa ya pesa za kuwashawishi wapiga kura.

Unaporudi kutoka Schwaz, teremka Hall, kilomita 10 tu kabla ya Innsbruck. Watu wengi huupita mji huu, na hilo ni kosa, maana kwa uzuri wa vichochoro vyake unashindana na Innsbruck bila msongamano. Hall ulitajirika kwa chumvi. Tangu karne ya 13 maji matamu yaliingizwa katika mashimo ya mlimani, yakayeyusha chumvi iliyomo kwenye mwamba, kisha yakateremshwa kwa mabomba ya mbao hadi mjini kuchemshwa. Kazi hiyo ilidumu mpaka 1967.

Mwaka 1477 Sigmund alikihamishia Hall kiwanda chake cha sarafu, kiwe karibu na fedha ya Schwaz. Mwaka 1486 kikatoa kitu kigeni: sarafu nene ya fedha yenye uzito unaopita gramu 30, iliyokuwa na thamani sawa na sarafu ya dhahabu. Watawala wengine waliiga, na kutoka kwenye mfano huo ukazaliwa ukoo mzima wa sarafu kubwa za fedha zilizoitwa taler. Ngome ya Hasegg, ambamo kiwanda kilikuwa, sasa ni makumbusho, na mnara wake unapandika.

Ushungi wa mjane

Kati ya taler zote, moja ilifika kwetu. Kisa chake kinaanzia kwenye lango kubwa la mawe lililo mwisho wa kusini wa barabara ya Maria-Theresien-Straße.

Agosti 1765 Maria Theresa na mumewe, Kaizari Franz, walikuja Innsbruck kumwoza mwana wao Leopold kwa binti wa mfalme wa Hispania. Lango liliwekwa kwa ajili ya harusi. Tarehe 18 ya mwezi huo, sherehe zikiendelea, Franz alikufa ghafla. Lango halikubomolewa. Upande wake wa kusini una michongo ya furaha ya arusi, na upande wa kaskazini, unaotazama mji, una michongo ya msiba. Zunguka pande zote mbili kabla hujaondoka.

Maria Theresa alivaa nguo za matanga hadi kufa kwake mwaka 1780. Ndiyo maana taler iliyobeba mwaka huo inamwonyesha mama mnene aliyejifunika ushungi wa mjane. Sarafu hiyo ilipendwa sana Mashariki hata viwanda vikaendelea kuitoa miaka mingi baada ya kifo chake, na tarehe ikaachwa ileile, 1780. Katika karne ya 19 ilitumika Maskati, kandokando ya Bahari ya Shamu, Ethiopia, na katika pwani yetu, ambako iliitwa reale. Pembe za ndovu na karafuu za Zanzibar zilinunuliwa kwa reale hizo. Wafanyabiashara waliiamini kwa sababu uzito wake, gramu 28, haukubadilika, na kiasi cha fedha safi ndani yake pia hakikubadilika. Wengine waliiyeyusha ikawa vikuku na mikufu.

Upande wa pili wa sarafu kuna tai mwenye vichwa viwili, na pembezoni kumeandikwa vyeo vya malkia kwa kifupisho. Cheo kimojawapo ni mtawala wa Tirol. Kwa hiyo jina la jimbo hili lilipita katika viganja vya watu wa Zanzibar na Mombasa, bila wao kuwa na haja ya kujua ni wapi.

Juu ya Nordkette

Sasa panda mlima. Karibu na jumba la mikutano, hatua chache kutoka mji mkongwe, kuna treni ndogo inayovutwa kwa waya hadi mtaa wa Hungerburg. Vituo vyake, vilivyofunguliwa mwaka 2007, vilibuniwa na Zaha Hadid, msanifu majengo mzaliwa wa Baghdad, na paa zake za vioo vyeupe zimejipinda kama barafu inayoyeyuka. Kutoka Hungerburg magari ya waya hukupeleka Seegrube, mita 1,905, kisha Hafelekar, mita 2,256. Safari nzima haizidi nusu saa kama huna foleni mbele yako. Kilele chenyewe, mita 2,334, ni mwendo mfupi wa miguu. Vaa viatu vyenye meno.

Juu hapo, upande wa kaskazini ni nyika ya mawe ya Karwendel. Upande wa kusini unaona daraja, paa za mji, na pengo la Brenner. Barabara kuu ya magari inapita humo, na zaidi ya malori milioni 2 huvuka kila mwaka. Watu wa mabonde wamechoka na moshi na kelele zake. Ndiyo sababu linachimbwa handaki la reli la kilomita 55 kutoka Innsbruck hadi upande wa Italia, ili mizigo ipite chini ya mlima.

Kutoka pengo hilo pia huja upepo wa Föhn. Hewa inayovuka milima kutoka kusini huacha unyevu wake upande wa Italia, na inapoporomoka upande huu hupata joto la karibu nyuzi moja kila mita 100. Siku ya Föhn theluji huyeyuka ghafla, milima huonekana karibu mno, na wenyeji wengi hulalamika kichwa kuuma.

Mji huu umezaa wapanda milima wengi, na mmoja wao anatuhusu. Ludwig Purtscheller alizaliwa Innsbruck tarehe 6 Oktoba 1849. Siku aliyotimiza miaka 40 alisimama pamoja na Hans Meyer juu ya Kibo, Kilimanjaro. Nyuma yao kulikuwa na kazi ya wapagazi na waongozaji, na Tanzania inamkumbuka Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu kama aliyewaonyesha njia. Kilele kimoja cha Mawenzi kinaitwa kwa jina la Purtscheller hadi leo.

Theluji kama mali

Fedha ilipokwisha na chumvi ikaachwa, milima ilipata bidhaa mpya. Innsbruck iliandaa Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 1964, na theluji ikagoma kuanguka. Wanajeshi wa Austria waliibeba kutoka juu milimani na kuitandaza kwenye njia za mashindano. Mwaka 1976 michezo ikarudi, baada ya wapiga kura wa jimbo la Colorado kukataa pesa zao zitumike kuiandaa huko Denver, kulikopangwa kwanza. Mnara wa kurukia kwa skii wa Bergisel, nao wa Zaha Hadid, uko wazi kwa wageni. Mrukaji akikaa juu tayari kuteleza, mbele yake chini huona makaburi ya Wilten.

Mali hii nayo inapungua. Katika bonde la Stubai, wakati wa kiangazi, sehemu za barafu ya kudumu hufunikwa kwa vitambaa vyeupe ili zisiyeyuke. Anayeijua Kilimanjaro au Mlima Kenya haelezwi maana yake. Ndiyo maana watu wa hapa sasa wanaangalia zaidi miezi isiyo na theluji: matembezi, baiskeli, mbio za milimani. Juni 2023 mashindano ya dunia ya mbio za milimani yalifanyika Innsbruck na Stubai. Patrick Kipngeno wa Kenya alishinda mbio za kupanda, na Leonard Chemutai wa Uganda akashinda za kupanda na kushuka.

Kabla hujaenda

Njia nyepesi ni treni kutoka Munich, isiyofika saa mbili. Kutoka Vienna ni saa nne na kitu. Visa ni ya Schengen. Nunua kadi ya mgeni ya mji, inayotolewa kwa saa 24, 48 au 72, kwa sababu magari ya waya ya Nordkette peke yake ni ghali, na kadi inayajumuisha pamoja na makumbusho. Tazama hali ya hewa asubuhi kabla ya kupanda, kwani ukungu ukifunika kilele utalipia kuona weupe mtupu.

Kwa chakula, Gröstl ni viazi vya kukaangwa na vitunguu na nyama, na yai juu yake. Nyama hiyo mara nyingi ni ya nguruwe, hivyo asiyekula aulize kwanza. Käsespätzle, unga wa ngano uliopikwa na jibini na vitunguu, humshibisha mtu aliyeshuka mlimani, na Kaiserschmarrn ni chapati nene tamu iliyochanwachanwa.

Innsbruck inatosheleza siku tatu: moja ya Schwaz na Hall, moja ya mji, moja ya milima. Anza na Schwaz. Aliyekwisha kuona mapango ya wachimbaji hataliangalia paa la dhahabu kwa macho ya mtalii, atalisoma kama hesabu ya matumizi. Na kama una siku moja tu, yaache majumba ya wafalme yote, uende mgodini asubuhi na Hafelekar mchana.